Isale Halitumwi kwa Posta

Nairobi,
5 Machi 2000

Kwako Dada Aikande,

Shimboni, dada. Nakuandikia nikiwa mzima, mwembamba kidogo kuliko ulivyoniona mara ya mwisho, na njaa yangu iko palepale. Huku umeme ni wa mgawo, maji yanakuja yakipenda yenyewe. Vipi Karatu? Mvua zimeanza? Penina bado anafuga wale bata wanaowafukuza madereva pale gesti kwake? Msalimie sana, na Mzee Hhando, na ng'ombe wake wote kwa majina.

Nina habari. Nimepata kazi ya kweli. Kuna studio hapa wanachukua katuni za nje wanaziwekea sauti za Kiswahili, na mimi nimepewa mzee mmoja anaitwa Zelik. Ni Myahudi, fundi wa kushona makoti katika mji fulani wa baridi, na ndiye kiongozi wa nyimbo za sala kwenye sinagogi lao. Mbishi huyo! Anabishana na pasi, anabishana na paka, Ijumaa jioni anabishana na jua lisizame kabla hajamaliza kazi. Mwanawe Natan alikuwa arithi kiti chake cha kuimbisha sala. Badala yake kijana akachukua ule wimbo wa sala wa baba yake, akauuza ukawa tangazo la sabuni, na jina la ukoo akalibadili ili watu wasijue yeye ni Myahudi. Mzee akatangaza kwamba hana mwana. Lakini fungua kabati lake, dada. Limejaa ile sabuni mpaka inaanguka.

Ni vichekesho, lakini siku nyingine narudi nyumbani sina hamu ya kucheka.

Inaonyeshwa kila Jumamosi saa moja jioni, na nasikia hata huko mwenye dishi anaipata. Sikwambii uangalie. Nakwambia tu ipo.

Baba hajambo? Huwa anataja jina langu?

Ni mimi mdogo wako,
Philbert

*

Karatu,
26 Aprili 2000

Mdogo wangu Philbert,

Pasaka tumeila salama. Barua yako imefika na tope lake, maana magari yote yalikwama hapo juu ya Mto wa Mbu na barua zikakwama nayo. Baba mgongo unamsumbua, na ukitaka kujua anayemkanda ni nani, ni mimi. Dukani tunauza. Watu wa Qurus wamevuna vizuri mwaka jana, kila mtu anajenga, mabati yanaondoka kabla sijayapanga. Bata wa Penina wapo. Ng'ombe wa Hhando amezaa ndama jike, ameninyima maziwa ya kwanza, amesema mimi si Mwiraqw kama yeye.

Sasa yako. Nimekuona. Yaani nimekusikia.

Baba alikwenda gesti kwa Penina kufunga bawaba za mlango. Giza likaanza kuingia, harudi, nikamfuata aje ale. Kabla sijafika nikasikia sauti yake inafoka ndani, nikadhani anagombana na dereva. Nikaongeza mwendo. Kufika mlangoni, Baba amesimama kimya, bawaba mkononi, na anayefoka ni katuni yenye ndevu na kofia ndogo utosini. Kile kikohozi kabla ya kila neno zito. Ile "Sikilizeni basi, watu wa Mungu!" Umemchukua Baba mzimamzima, Philbert, ukamshonea koti.

Hhando akasema, "Huyu Myahudi mbona kama Mchaga?" Dereva mmoja akadakia, "Wote wabahili hao." Baba akamgeukia. "Umemwona wapi akimnyima mtu? Si amemshonea yatima koti bure hapo sasa hivi? Ulikuwa unaangalia nini, wewe?" Akarudi kutazama. Na akacheka. Alicheka mpaka akaushika ule mlango aliokwenda kuutengeneza.

Mimi nakula naye meza moja asubuhi na jioni. Namsimulia ya dukani, mengine ya kuchekesha kabisa. Ananijibu, "Chumvi." Nampa chumvi. Kicheko chake nilikuwa nimekisahau kina mlio gani, na nimekuja kukisikia nikiwa nimesimama nje kwa watu, kwa ajili yako wewe. Niite mwenye kijicho. Sitakataa.

Halafu kuna binti wa yule mzee, Rivka. Mbona hukumtaja kwenye barua yako? Kazi yake ni kuingia na bakuli, kusema "Baba, supu imepoa," na kutoka. Hana wimbo, hana mchumba, hana hata paka. Nani alimtunga huyo, nimjue?

Umeuliza kama Baba anataja jina lako. Hataji.

Dada yako,
Aikande

*

Nairobi,
18 Juni 2000

Dada yangu Aikande,

Pole na mgongo wa Baba, na pole wewe unayeukanda. Huku baridi imeingia. Mimi nimehamia chumba chenye dirisha, hayo ndiyo maendeleo.

Rivka simtungi mimi. Hizi katuni zinakuja zimeshachorwa, midomo inafunguka na kufunga kama walivyotaka wenyewe, na sisi tunatafuta Kiswahili kitakachotosha mdomo ule. Mdomo ukifunga, nawe umefunga. Mahali pekee pa kupumua ni mtu akigeuka, mgongo ukiwa kwetu. Hapo mdomo hauonekani, unaweza kumtilia maneno kidogo. Rivka anakuja na bakuli, kwa hiyo anakuja uso mbele.

Nimepata mwalimu. Ni mama mmoja wa Kiyahudi, mzee, amezaliwa hapahapa Nairobi, anaitwa Mama Miriam. Nilimfuata aniambie kama Zelik wangu anamuudhi. Akasikiliza kanda mbili na uso mkavu. Akasema, "Mcheke kwa ubishi wake. Ukianza kumcheka kwa Uyahudi wake, usirudi hapa." Akanifundisha kwamba kwenye sala nisiweke kikohozi. Tangu hapo siweki.

Akanieleza jambo limenikaa. Zamani, baadhi ya wazee wao, mtoto akiiacha dini na watu wake, baba alirarua nguo, akakaa kwenye kigoda matanga ya siku saba, na mtoto yuko hai mtaa wa pili. Babu yake yeye alimfanyia hivyo shangazi yake. Nikamuuliza, basi hapo ndiyo imekwisha? Akaniambia wanayo Siku ya Upatanisho, ile ya kwenye Walawi, na kabla ya siku hiyo unawaendea watu uliowakosea. Mungu hakusamehei ya jirani yako, kamwombe jirani. Akikukataa, rudi. Hata mara tatu. Ukikataliwa ya tatu, mzigo umehama, ni wa aliyekataa.

Nikamwambia, Mama, na sisi tunalo hilo, ila letu ni jani. Nikamweleza isale. Ukipelekewa isale huwezi kukataa, hata kama mtu amekuulia ng'ombe. Akacheka, akasema ninyi mmefupisha.

Kwa hiyo, dada, ndani ya bahasha hii nimekutilia isale. Nimelikata kwenye uzio wa Mchaga mmoja huku. Nakuomba umpe Baba. Nataka Krismasi hii nije Karatu, tushuke wote nyumbani Machame kama zamani. Neno moja la Baba linanitosha, na anayeweza kunifikishia ni wewe peke yako.

Baba alikaa matanga yangu? Niambie ukweli.

Ni mimi,
Philbert

*

Karatu,
6 Agosti 2000

Philbert,

Hatujambo. Upepo wa Agosti umeng'oa bati la choo cha Penina, nikamuuzia jingine. Anneth anakusalimu, yule niliyesoma naye. Ndiye aliyechukua ile kazi ya mapokezi kwenye hoteli ya juu, ukingoni mwa kreta, kazi niliyoitiwa mimi kwanza. Sasa anavaa kizibao chenye jina lake na anasema "karibu" kwa Kijerumani. Niliikataa kwa sababu wewe ulikuwa umeondoka na Baba hakuwa na mtu.

Nimepokea bahasha yako. Umewahi kuona wapi isale linakunjwa mara mbili, linalambwa stempu, linapigwa mhuri? Limefika kavu, lina ufa katikati. Isale hupelekwa na mtu, Philbert, mtu mwenye miguu na aibu, analishika mbichi mkononi na anasimama mlangoni mpaka apokelewe. Nikimpa Baba kitu hiki atadhani umemtumia takataka. Unajua kukohoa kama Mchaga, lakini mengine umesahau.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kutompa. Ya pili ni kwamba sitaki.

Unauliza matanga. Hakukaa kwenye kigoda. Alirudi kutoka Arusha na ile suti aliyokuwa amekuletea ya kwenda chuo cha uchungaji. Unakumbuka, au hukumwona? Alikuwa ameketi kiti cha nyuma kabisa kwenye ule ukumbi, suti mapajani, wakati wewe uko jukwaani unaigiza sala yake ndefu ya kanisani na watu wanagongana vichwa kwa kucheka. Alipofika hapa akaishusha picha yako ukutani, pale akatundika kalenda ya kiwanda cha misumari. Suti akampa Hhando. Anaivaa akienda mnadani, suruali inamfika chini kidogo ya goti. Na mimi ndiye niliyebaki kwenye nyumba hiyo, nikizungumza na mtu aliyejibu "Chumvi".

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Walikosea. Asiyekuwapo ndiye mwenye lake. Aliyepo ana vyombo vya kuosha. Hata ile nyumba ya Machame na kihamba chake, shamba la ukoo, ni vyako, kitinda mimba, mwanamume, hata ukirudi umevaa pua ya plastiki. Mimi nitaambiwa ahsante na kanga.

Ngoja nikumalizie. Nilimwomba Baba redio ndogo ya jikoni, nikaomba, nikachoka. Aliniambia makelele yanaharibu nyumba. Juma lililopita amenunua televisheni. Inatumia betri ya gari, na waya amevuta kutoka dishi la Penina, umepita juu ya banda la bata. Nikamuuliza, Baba, na makelele? Akanijibu ni ya kuangalizia taarifa ya habari. Taarifa ya habari haangalii. Jumamosi saa kumi na mbili na nusu ameshanyoa ndevu.

Isale lako liko kwenye droo ya misumari ya inchi tatu. Likae humo.

Aikande

*

Nairobi,
10 Oktoba 2000

Dada Aikande,

Salamu. Nimekaa na barua yako muda mrefu. Kila nilipotaka kujibu nilikuwa na hasira, na kila hasira ilipoisha nilikuwa na aibu, na vyote viwili haviandiki vizuri.

Sikumwona kwenye kile kiti. Habari ya suti sikuwa naijua kabisa.

Lakini na mimi nina wivu wangu, usidhani ni mali yako peke yako. Wewe unamsikia akikohoa asubuhi anapofungua mlango wa duka. Unamjua alivyo sasa. Mimi kikohozi nilicho nacho ni cha miaka ile, nakitoa kwenye kumbukumbu na kila mwezi kinachakaa. Juzi mtu wa mitambo aliniambia, "Filo, mzee wako leo hakuwa yeye." Nilikwenda nyuma ya studio nikalia. Wewe unaye mezani, mimi ninaye kooni tu. Ningeibadilisha kazi hii kwa kupitisha chumvi.

Jana ilikuwa ile Siku ya Upatanisho. Mama Miriam hakula wala kunywa, na umri ule. Kabla ya siku hiyo alinipigia simu kuniomba msamaha, eti alisema lafudhi yangu ni ya kuuzia nyanya. Niliona haya. Yeye ananiomba msamaha kwa nyanya, na mimi nina mambo yangu yamelala kwenye droo ya misumari.

Basi naomba tena, kwa mdomo wangu, bila bahasha ya majani. Mwambie Baba nataka kuja. Mwambie tu hivyo. Asiposema neno, nitajua.

Mdogo wako,
Philbert

*

Karatu,
30 Oktoba 2000

Philbert,

Jana tumepiga kura. Wino bado uko kidoleni na naona umeshika karatasi hii pembeni, samahani. Magari ya kampeni yalitupigia kelele mwezi mzima, mpaka bata wakaacha kutaga. Baba aliamka mapema akawa wa kwanza kwenye foleni, akagombana na msimamizi kuhusu mahali pa kuweka meza. Alishinda.

Nitakwambia kitu ambacho nilikuwa sitaki kukwambia. Sikukificha kwa bahati mbaya. Nilikificha kwa sababu kilikuwa changu, na mimi nina vitu vichache.

Baba anajua. Amejua tangu ile Jumamosi ya bawaba. Tulipokuwa tunarudi nyumbani alikuwa anatembea mbele yangu, akasimama njiani, akasema bila kugeuka, "Kikohozi changu hakianzii hapo. Kinaanzia chini zaidi." Akaendelea kutembea. Mwezi uliopita mzee wa katuni alipokohoa sana, Baba aliiambia televisheni, "Kunywa maji ya moto, mwanangu." Hhando alikuwepo, na suti yako mwilini. Alitazama dari.

Kinachomuuma si kwamba unamwigiza. Majina yanapopita mwishoni anavaa miwani, anasogea, anasoma moja moja. Akifika "Filo" anavua miwani. Alishasema, "Hata yule Myahudi wa sabuni alikuwa na aibu ya jina. Huyu wetu anaona aibu gani? Jina la Swai limemkosea nini?"

Kwa hiyo huhitaji isale, huhitaji mjumbe, hunihitaji mimi. Mlango uko wazi, na sijui kama uliwahi kufungwa. Ndicho kinachoniumiza. Nilikaa nikidhani tumeachwa wawili, mimi na yeye, kumbe nyumba ilikuwa na watu wawili muda wote, Baba na mtoto aliyeondoka, na mimi ndiye mpishi wao. Aliyekwenda analiliwa. Aliyerudi anafunguliwa. Aliyebaki je?

Njoo Krismasi, kama unataka. Mimi sitakuwepo. Nasha wa Nainokanoka, anayenunua kwetu misumari ya duka lake, ameniomba nikakae naye sikukuu, na nimekubali. Kule juu kuna ukungu na ng'ombe, na hakuna dishi. Baba utampikia wewe. Hapendi nyama ngumu.

Aikande

*

Nairobi,
14 Novemba 2000

Dada,

Nimeipata barua yako leo asubuhi. Hii nampa mtu wa basi la Namanga aitie posta Arusha, labda itawahi.

Bila wewe siji. Sikuambii ili unionee huruma, nakuambia ili usifunge safari ya bure.

Nimekosea nilipokuwa naomba. Nimegonga mara mbili mlango ambao hata haukuwa umefungwa, na nikamtuma mtu niliyemkosea akanigongee. Mama Miriam nilipomsomea maneno yako akaniuliza, "Na huyo Rivka wako, yeye umemwomba lini?"

Jumamosi tarehe 25 mwezi huu usitoke nyumbani. Kaa mbele ya televisheni, hata ukiniona mbaya. Wiki hii tunarekodi, na ndicho kipindi cha mwisho. Silvanus, yule dereva wa watalii uliyewahi kumuuzia bati, yuko Nairobi, anapandisha wageni Ngorongoro wiki ijayo. Atapita kwako. Nimempa kitu, na safari hii sikukitia kwenye bahasha.

Mara ya tatu hii, dada.

Philbert

*

Karatu,
27 Novemba 2000

Mdogo wangu Philbert,

Natumaini hujambo, na hiyo lafudhi yako ya nyanya. Mvua za vuli zimeshika. Baba mgongo una nafuu. Penina amechinja bata mmoja, yule mkali, na madereva wamefanya sherehe.

Barua yako iliwahi. Ilifika Ijumaa, siku moja kabla ya Silvanus.

Jumamosi jioni tulikuwa sebuleni, Baba ameshanyoa, Hhando yuko ndani ya suti, Penina kando yake, mimi nimekaa karibu na mlango ili nikichukia niondoke. Silvanus akabisha hodi. Ameingia amevua kofia, amekumbatia kopo la Kimbo, na ndani ya kopo kuna udongo, na kwenye udongo kuna isale, Philbert, bichi, limesimama wima, lina mizizi. Ameniambia alilibana kando ya kiti chake kutoka Nairobi, na mtalii mmoja alimuuliza mara kwa mara kama ni dawa.

Baba alipoliona akasimama. Mgongo ule! Akanyoosha mikono yote miwili. Silvanus akatazama chini, akasema, "Samahani Mzee Swai. Nimeambiwa nimpe Dada Aikande, mkononi."

Baba akakaa taratibu. Nikautazama uso wake, na nikaona kitu ninachokifahamu kuliko mtu yeyote katika wilaya hii. Baba alikuwa anaona wivu. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Silvanus akasimama wima, akasema kama alivyofundishwa, "Philbert anasema, dada, nilikuachia mzigo nikaenda kucheza. Nimekosa." Sebule nzima wananitazama. Unajua vizuri kwamba isale halikataliwi. Umenifunga mikono, mshenzi wewe. Nikapokea.

Kipindi kikaanza, nikiwa nimepakata kopo. Natan amekuja mlangoni kwa baba yake mara ya tatu, jioni ya kuamkia ile Siku yao ya Upatanisho, amesimama kwenye theluji, anasema jina lake lote la ukoo kwa sauti mpaka majirani wanafungua madirisha. Zelik anabishana na komeo. Kabati la sabuni linafunguka, sabuni zinamwagikia sebuleni, anateleza juu yake mpaka mlangoni, na mlango anaufungua kwa kichwa. Hhando alicheka akapasua mshono wa suti. Baba hakucheka. Alikuwa ameshika magoti.

Kisha Rivka. Wamekumbatiana wale wawili, na yeye ametugeuzia mgongo, anakoroga supu. Nikasikia, "Aliyekwenda analiliwa, Baba. Aliyerudi anafunguliwa. Aliyebaki je?"

Nikalikumbatia kopo. Hhando akasema, "Heh! Huyu binti leo amepata mdomo." Penina akasema, "Ndiyo maana mimi napenda katuni."

Baba alisubiri majina. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya kuitia mahudhurio, "Philbert Swai." Akavua miwani, akazima televisheni. Halafu akanigeukia, akanitazama kama mtu anayesoma bango la barabarani, polepole.

"Aikande," akasema. "Wewe umekula?"

Sijui kama unaelewa. Tangu Mama afariki sijawahi kuulizwa swali hilo ndani ya nyumba ile. Nikamwambia sijala. Akainuka, akaenda jikoni mwenyewe, tukasikia sufuria zinaanguka. Alileta ugali wa mchana, umekauka, na chai aliyosahau kuitia sukari. Akakaa mbele yangu. Nilikula wote. Akaniuliza kama una chumvi.

Isale nimelipanda nyuma ya jiko, mahali nitakapoliona nikiosha vyombo. Lile kavu nimelitoa kwenye droo, nimelifukia chini yake. Nasha nimemtumia salamu kwamba mwaka huu siendi.

Usidhani nimepona. Leo asubuhi Baba ameniuliza kama bado unapenda kidari, na kama mbuzi tuliyenaye atakutosha. Ameitoa kalenda ukutani na anatafuta picha yako chini ya kitanda, kwa mgongo huohuo ninaoukanda mimi. Nimekasirika upya, nimeunguza maharage.

Wivu upo, Philbert, na sioni dalili ya kuisha. Ila kukuonea kwa barua nimechoka, stempu ni ghali. Njoo nikuonee hapahapa nyumbani, ukipitisha chumvi.

Dada yako,
Aikande